Mgonjwa wa mayelini Dodoma: kuanzia dalili ya kwanza hadi matunzo ya nyumbani

Nyuzi za neva ndani ya ubongo na uti wa mgongo zimevikwa ganda la mafuta na protini liitwalo mayelini. Ganda hilo ndilo linaloipa sehemu ya ndani ya ubongo rangi yake nyeupe, na ndilo linalofanya taarifa zikimbie: uzi mnene wenye ganda zima hupitisha taarifa kwa kasi inayozidi mita 50 kwa sekunde, wakati uzi usio na ganda hauvuki mita 2. Ganda likiharibika mahali fulani, taarifa hupita kwa kusuasua au hukwama kabisa, na mtu huumwa kulingana na mahali hapo. Ni kwenye neva ya jicho? Jicho hufifia. Ni kwenye uti? Miguu hufa ganzi na mkojo hugoma. Ni kwenye shina la ubongo, karibu na kituo cha kutapika? Mtu hupata kwikwi isiyokoma. Ndiyo maana mgonjwa huyohuyo anaweza kutibiwa macho mwaka huu, mgongo mwaka ujao na vidonda vya tumbo mwaka wa tatu, kila safari kwa daftari jipya la kliniki, bila yeyote kuyaunganisha.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya familia zenye mgonjwa wa namna hiyo, na kwa wahudumu wa zahanati na vituo vya afya vya Dodoma, Singida na jirani, ambao ndio humwona kwanza. Msimamo wetu ni huu: usikimbilie jina la ugonjwa. Andika tarehe, ondoa magonjwa yanayotibika kwa gharama ndogo, ndipo uulize ni ugonjwa gani wa mayelini.

Daftari kwanza

Nunua kaunta buku moja liwe la mgonjwa huyu tu, na liende naye kila hospitali. Kwa kila dalili andika ilianza lini, ilichukua muda gani kufika kilele, ilidumu siku ngapi, na nini kilibaki baada ya nafuu. Mfano:

12 Machi, asubuhi: unyayo wa kulia una ganzi.
14 Machi: ganzi imepanda hadi kitovuni, miguu yote miwili.
15 Machi: mkojo hautoki vizuri. Hakuna homa. Kipimo cha malaria, hakuna vimelea.
2 Aprili: anatembea kwa fimbo. Ganzi imebaki chini ya magoti.

Mistari minne hiyo inamsaidia daktari kuliko "miguu inasumbua tangu mwezi wa tatu", kwa sababu kasi ya dalili ndiyo inayofichua chanzo. Dalili iliyokuja ndani ya sekunde au dakika ichukuliwe kuwa kiharusi hadi hospitali iseme vinginevyo, na safari ni saa hiyohiyo. Iliyojijenga kwa saa nyingi au siku kadhaa, ikafika kilele ndani ya wiki mbili tatu kisha ikaanza kulegea, ndiyo tabia ya mayelini inayoshambuliwa na kinga ya mwili wenyewe. Iliyosogea polepole kwa miezi bila kurudi nyuma inaelekeza kwenye upungufu wa vitamini B12, uti unaobanwa na kitu, au ugonjwa wa kurithi.

Yapo maswali ambayo mgonjwa hawezi kuyajibu asipoulizwa, kwa kuwa haoni yanahusiana vipi na miguu yake. Je, amewahi kufifia jicho moja kwa siku kadhaa, likiuma anapolizungusha? Je, amewahi kupata kwikwi au kutapika kulikozidi siku mbili bila sababu ya tumboni? Je, akiinamisha kichwa anahisi mshtuko wa umeme ukishuka mgongoni? Je, kifua au tumbo liliwahi kubanwa kuzunguka mwili mzima kwa siku nyingi? Ukipata "ndiyo" mbili zilizoachana kwa miezi, andika tarehe zake hata kama ni za kukisia.

Vipimo viwili vinafanyika nyumbani. Cha kwanza ni cha jicho: chukua kifuniko chekundu cha chupa, mwambie afunike jicho moja akiangalie, kisha abadilishe. Jicho lenye neva iliyoumia huona wekundu uliopauka, hata pale linaposoma herufi vizuri. Cha pili ni mwendo. Pima mita 7.6 kwa futi kamba kwenye sakafu tambarare, weka alama mbili, mwambie atembee haraka awezavyo kwa usalama huku ukihesabu kwa saa ya simu. Rudia kila mwezi, saa ileile ya siku. Muda ukiongezeka kwa asilimia 20 (tuseme kutoka sekunde 10 hadi 12) na ukabaki hivyo, huo ni mabadiliko ya kweli, mpeleke kliniki kabla ya tarehe yake.

Si kila kuzidiwa ni shambulio jipya. Shambulio ni dalili mpya, au ya zamani iliyorudi, inayodumu saa 24 au zaidi bila homa wala maambukizi, ikiwa imepita angalau mwezi mmoja tangu shambulio lililotangulia. Malaria, mkojo mchafu na jua la Oktoba vinaweza kuamsha dalili za zamani zote kwa siku moja. Hapo tibu kilichoziamsha.

Yanayofanana nayo, na mengi yana dawa

Anza na B12, kwa sababu hukosewa sana na hutibika kwa sindano. Mgonjwa huanza kwa ganzi na kuchomachoma nyayoni, kisha huyumba gizani, au huyumba anapofumba macho kunawa uso. Ulimi unaweza kuwa laini, mwekundu, wenye maumivu. Wingi wa damu unaweza kuwa wa kawaida kabisa, kwa hiyo usiuondoe ugonjwa huu kwa sababu tu "damu ipo". Walio hatarini ni waliotumia metformini ya kisukari au omeprazoli kwa miaka, waliokatwa sehemu ya tumbo, wenye tumbo lisilonyonya B12, na wasiokula chochote kitokacho kwa mnyama. Mlenda ni mboga nzuri lakini hauna B12, wala jani lolote halina. Anayeshindia ugali wa uwele na mlenda pasipo maziwa, mayai, nyama wala dagaa anaweza kupungukiwa baada ya miaka michache, maana akiba ya ini huisha taratibu.

Damu ya kupima B12 itolewe kabla ya sindano. Sindano mchanganyiko za B1, B6 na B12 ambazo maduka ya dawa huchoma kwa kila anayelalamika ganzi huharibu kipimo hicho, na B6 nyingi kwa muda mrefu huumiza neva yenyewe. Kama kipimo hakipatikani karibu na dalili zinaendana, usisubiri: hidroksokobalamini (B12 ya sindano) miligramu 1 ndani ya msuli, siku moja ndiyo siku moja hapana, hadi nafuu ikome kuongezeka, kisha miligramu 1 kila miezi miwili. Kosa la kuogopwa ni kumpa vidonge vya foliki asidi peke yake. Damu itapanda, kila mtu atafurahi, na uti utaendelea kuharibika.

Kipimo cha VVU ni kwa kila mgonjwa, awe bibi wa miaka 70 au padre. Kinga ikishuka sana, mara nyingi CD4 (chembe za kinga) chini ya 200, virusi vya JC vinavyolala mwilini mwa watu wengi huamka na kuteketeza sehemu nyeupe ya ubongo: upande mmoja hulegea, maneno huvurugika, uoni hukatika, kwa wiki na si kwa dakika. Ugonjwa huo, PML, hauna dawa yake mahususi. Kinachomwokoa mtu ni ARV kuanza mapema na kutokatishwa. Kaswende ipimwe siku hiyohiyo, tone moja la damu linatosha.

Halafu shika mgongo. Bonyeza kila pingili kwa kidole gumba kutoka shingoni hadi kiunoni. Pingili moja ikiuma sana, au kuna kibyongo kipya, au mgonjwa amekonda na anatoka jasho usiku, piga eksirei ya mgongo na tafuta kifua kikuu cha mifupa. Uti unaobanwa na jipu la TB huleta miguu na mkojo uleule wa ugonjwa wa mayelini, ila huu unahitaji dawa za TB, pengine na upasuaji, na ukiuanzishia steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe na kinga) peke yake unaupalilia.

Kwa wafugaji, wachinjaji na wanaokunywa maziwa mabichi, uliza homa inayokuja na kuondoka, jasho na maumivu ya viungo: bruselosi inaweza kuingia kwenye ubongo na uti. Aliyekulia kandokando ya ziwa au kwenye skimu za umwagiliaji apimwe kichocho. Aliyekaza miguu yote miwili ghafla baada ya wiki za kula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, bila ganzi na bila shida ya mkojo, huenda ana konzo. Hiyo si ya mayelini, na haiendelei kupanda.

Jiko la mkaa nalo lina sehemu yake. Usiku wa Juni na Julai Dodoma hupoa, na watu hulaza jiko ndani, madirisha yamefungwa. Aliyepoteza fahamu kwa hewa ya mkaa anaweza kuamka, akarudi kazini, kisha kati ya siku chache na wiki sita baadaye akaanza kuchanganyikiwa, kutembea kwa hatua fupi za kuburuza na kujikojolea, kwa sababu mayelini imeanza kuachia. Hivyo aliyeokolewa kwenye moshi afuatiliwe kwa wiki sita. Familia ikae macho akibadilika tabia, na daktari aambiwe habari ya jiko. Hataigundua asipoambiwa.

Chanzo cha kawaida kuliko vyote hakina mshangao wowote. Ni shinikizo la damu. Mishipa midogo ya ndani ya ubongo huziba kidogo kidogo, sehemu nyeupe hujaa madoa, na mtu wa miaka 60 huanza kusahau na kupunguza hatua. Hapo dawa ni vidonge vya presha kila siku, pia siku ambazo "presha haipo".

Kipimo cha MRI

CT ya kichwa huonyesha damu iliyovuja na uvimbe mkubwa. Madoa ya mayelini mara nyingi haiyaoni, kwa hiyo CT safi haimalizi swali. Kinachohitajika ni MRI, yaani picha za mashine ya sumaku, na kwa Dodoma mashine ipo Hospitali ya Benjamin Mkapa. Mwenye bima aulize dirisha la bima mapema kama kipimo kinahitaji kibali, ili asirudishwe siku ya kipimo.

Fomu ya ombi ndiyo huamua ubora wa jibu. Ukiandika "MRI ya kichwa, maumivu ya kichwa" utapata picha za kichwa tu. Andika: ubongo, neva za macho, uti wa shingo na wa kifua, bila na pamoja na dawa ya kung'arisha, linaloulizwa ni ugonjwa wa mayelini, na orodhesha dalili na tarehe zake. Kreatinini ya figo ipimwe kabla ya dawa hiyo. Mgonjwa atoe hereni, vibanio vya nywele, hirizi yenye chuma na simu, na aseme kama ana chuma mwilini kutokana na ajali au upasuaji. Picha za namna hii huchukua kati ya dakika 45 na saa moja na zaidi akiwa amelala kimya, kwa hiyo akojoe kwanza. Mkitoka, ombeni CD yenye picha. Karatasi ya majibu pekee haitamsaidia daktari wa pili.

Majibu yakitaja "madoa meupe", msishtuke na msijipe jina. Kipandauso, umri, presha na VVU vyote huacha madoa. Ya MS (multiple sclerosis, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mayelini) huwa na umbo la yai, yamegusa vyumba vya maji vya ubongo au gome lake, na kwenye uti huwa mafupi, hayafiki urefu wa pingili mbili. Ya NMO (neuromyelitis optica, ugonjwa wa kinga unaoshambulia hasa neva za macho na uti) huacha ubongo karibu safi, lakini kwenye uti hutanda pingili tatu au zaidi, katikati ya uti.

Tofauti hiyo ina uzito kwetu. MS ilielezwa kwa kina na Jean-Martin Charcot mwaka 1868, na vitabu vingi vimeandikwa kwa wagonjwa wa Ulaya. NMO, aliyoieleza Eugène Devic mwaka 1894, ilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa tawi la MS, mpaka mwaka 2004 ilipopatikana kingamwili yake kwenye damu, ambayo leo tunaipima kama AQP4. Kwa watu wenye asili ya Afrika sehemu kubwa zaidi ya mashambulizi ya namna hii ni NMO kuliko ilivyo kwa Wazungu, na wanawake ndio hushikwa zaidi. Sasa, baadhi ya dawa za MS, yaani interferoni beta, fingolimodi na natalizumabu, zinaweza kuichochea NMO. Dawa hizo zisianzwe kwa mgonjwa mwenye uti uliotanda au macho yote mawili yaliyofifia kabla AQP4 haijapimwa. Na damu ya AQP4 itolewe kabla ya steroidi au kusafisha plazima (maji ya damu) ikiwezekana, la sivyo jibu linaweza kutoka hasi la uongo.

Shambulio likija

Jicho linalofifia kwa siku mbili, miguu inayopoteza nguvu au mkojo uliogoma: mgonjwa alazwe hospitali ya mkoa au ya rufaa, asisubiri Jumatatu. Kila siku ya uti uliovimba ina gharama yake, hasa kwa NMO, ambayo nafuu yake huwa nusunusu.

Kabla ya dripu ya steroidi, saa chache zinatosha kupima VVU, hepatitisi B, sukari, presha, mkojo, picha ya damu na eksirei ya kifua. Mtu wa kwetu apewe pia dawa ya minyoo aina ya strongiloidi, kwa sababu mnyoo huu hukaa mwilini miaka kimya, na steroidi nyingi humfungulia mlango asambae hadi kuua. Ivermektini ni mikrogramu 200 kwa kila kilo: mwenye kilo 60 anameza miligramu 12, siku moja au mbili.

Tiba yenyewe ni methiliprednisoloni gramu 1 kwenye dripu ya chumvi ya asilimia 0.9, ikiingia kwa saa 1 hadi 2, mara moja kwa siku asubuhi, siku 3 hadi 5. Ikisukumwa kwa haraka moyo unaweza kupoteza mapigo. Ikiwekwa jioni mgonjwa hatalala. Sukari ipimwe asubuhi na jioni hata kwa asiye na kisukari. Ladha ya chuma mdomoni, uso kuwaka na kuongea sana ni vya kawaida. Kuona vitu visivyokuwepo au kinyesi cheusi, mwite daktari.

Tahadhari kuhusu sindano ya dexa inayochomwa kila mahali. Miligramu 8 za deksamethasoni ni sawa na kama miligramu 43 za methiliprednisoloni. Ili kufikia gramu 1 utahitaji zaidi ya sindano ishirini. Kwa hiyo ile moja ya mtaani haitibu shambulio, lakini inatosha kufifisha majibu ya vipimo na kuficha TB au saratani ya tezi iliyokuwa inaiga mayelini.

Kama baada ya dripu ya tatu hakuna hata kidole kilichosogea, daktari aanze siku hiyo kuulizia kusafisha plazima kwenye hospitali ya rufaa yenye mashine, kwani kadiri inavyochelewa ndivyo inavyosaidia kidogo. Safari ya Dar es Salaam kwa mtu asiyeweza kukaa muda mrefu ni nyepesi kwa treni ya SGR kuliko basi: takriban saa nne, na choo kipo.

Baada ya dripu, mwenye NMO hubaki kwenye prednisoloni kwa miezi, huku akianza dawa ya kutuliza kinga. Inayopatikana kwa urahisi ni azathioprini, miligramu 2 hadi 3 kwa kilo kwa siku, ikianzia kidonge kimoja cha miligramu 50. Kwa kilo 60 hiyo ni karibu vidonge vitatu. Inachukua hadi miezi sita kufanya kazi vizuri, na hapo ndipo wengi huharibikiwa: wanaacha prednisoloni mwezi wa pili kwa kuchukia uso kujaa, na shambulio linarudi. Prednisoloni iliyotumika zaidi ya wiki tatu haikatwi ghafla, inashushwa kwa ratiba ya daktari. Picha ya damu ipimwe kila wiki mwezi wa kwanza, kisha kila baada ya miezi mitatu, pamoja na ini. Mtu anayetumia alopurinoli ya gauti amwambie daktari, maana mbili hizo pamoja hukausha uboho. Rituksimabu ni nzuri zaidi panapo uwezo, gramu 1 mara mbili kwa kuachana wiki mbili, kisha kila miezi sita, ila mwenye hepatitisi B asiyetibiwa asipewe. Mwaka 2023 WHO iliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya MS, pamoja na glatirameri na kladribini. Hoja hiyo itajeni mnapoomba dawa kupitia hospitali.

Kwa wahudumu wa wodi: sodiamu

Ugonjwa mmoja wa mayelini tunautengeneza wenyewe. Mlevi wa gongo, aliyekonda, au anayetapika kwa siku nyingi huletwa sodiamu (chumvi ya damu) ikiwa milimoli 108 kwa lita, amechanganyikiwa. Ikipandishwa kwa haraka, anaamka siku ya pili, ndugu wanashukuru, kisha kati ya siku ya pili na ya sita anashindwa kumeza, anashindwa kusema, anapooza mikono na miguu. Kwa mgonjwa wa hatari kama huyu sodiamu isipande zaidi ya milimoli 8 kwa lita ndani ya saa 24. Pimeni kila saa 4 hadi 6. Angalieni mkojo: ukianza kumwagika mweupe mwingi ghafla, sodiamu inaruka. Potasiamu mnayoweka nayo huipandisha sodiamu, ihesabiwe. Ikivuka kikomo, simamisheni maji ya chumvi, toeni dekstrozi ya asilimia 5 na desmopresini ikiwepo, muirudishe chini. Na tiamini (vitamini B1) iwekwe kabla ya glukosi.

Watoto

Mtoto aliyepona surua au mafua, akaanza wiki moja mbili baadaye kuchanganyikiwa, kuyumba na kupata degedege, anaweza kuwa na ADEM, uvimbe wa mayelini wa mara moja unaojibu steroidi vizuri. Malaria kali na homa ya uti wa mgongo zitibiwe kwanza, bila kusubiri picha. Mvulana wa miaka 4 hadi 10 aliyekuwa sawa darasani, kisha akashuka, akaanza kutosikia vizuri au kukodoa macho, na ngozi yake ikazidi kuwa nyeusi kuliko ya ndugu zake, apimwe kortisoli asubuhi. Ugonjwa wa kurithi wa adrenoleukodistrofi huua tezi za adrenali kabla au sambamba na ubongo, na mtoto huyu anaweza kufa kwa kutapika siku moja tu akikosa hidrokortisoni. Ndugu zake wa kiume na wajomba upande wa mama waulizwe.

Nyumbani

Joto likipanda nusu nyuzi tu mwilini, neva iliyopoteza ganda hukatisha taarifa. Mgonjwa hafifii kwa sababu ugonjwa umeongezeka, na akipoa hurudi. Septemba hadi mvua za Desemba ni msimu mgumu Dodoma, lakini hewa yetu ni kavu, na hewa kavu hukausha maji haraka, ambayo ndiyo inayopoza. Lowesha kanga, kamua, mzungushie shingoni na kwenye mikono dakika 20 kabla ya kutoka, si baada ya kuzidiwa. Shughuli za soko na kliniki zimalizwe kabla ya saa nne asubuhi. Barafu isigusane na ngozi iliyokufa ganzi, na maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko cha mtu mwingine.

Kibofu kinaua kuliko miguu. Mkojo unaobaki ndani baada ya kukojoa upimwe kwa altrasaundi. Ukizidi mililita 100, fundishweni kutumia mpira wa mkojo wa kuingiza na kutoa: namba 12 au 14, mara 4 hadi 6 kwa siku, kila safari mkojo usizidi mililita 500. Mikono iliyooshwa kwa sabuni inatosha. Akibaki na mpira wa kudumu, mfuko ukae chini ya kibofu bila kugusa sakafu, na mpira wa kawaida ubadilishwe ndani ya wiki nne. Asipunguze maji kwa kuogopa kujikojolea, lita moja na nusu hadi mbili kwa siku ni lazima. Mkojo wenye harufu pekee, bila homa wala kukaza kwa miguu kulikoongezeka, hautaki antibayotiki.

Asiyejigeuza ageuzwe kila saa mbili, usiku pia, na anayekaa ajinyanyue kila robo saa. Kagua matako, kifundo na kisigino kila jioni kwa tochi ya simu. Kwa ngozi nyeusi usitafute wekundu. Tafuta mahali penye joto, pagumu au peusi zaidi kuliko jirani yake. Glavu zilizojazwa maji na duara la kukalia la mpira ziacheni, zinabana damu pembeni. Mto uwekwe chini ya shavu la mguu ili kisigino kielee.

Miguu ikikaza ghafla kuliko jana, tafuta kwanza kilichoiudhi: choo kigumu, mkojo mchafu, kidonda, kucha iliyoingia nyamani. Kisha nyoosha kifundo, goti na nyonga polepole, kila kiungo ukikishikilia sekunde 30, mara tatu, asubuhi na jioni. Baklofeni huanza miligramu 5 mara tatu kwa siku na kupandishwa kila siku tatu. Haikatizwi ghafla, kwa sababu inaweza kuleta degedege na kuona mambo, kwa hiyo vidonge vinavyofuata vinunuliwe wiki moja kabla vilivyopo havijaisha, hasa kwa anayeishi Kibakwe au Itigi ambako duka la jirani linaweza lisiwe nazo.